Vita vya Mapaa ya Kampala: Jinsi ya Kurekebisha Kanuni Nyepesi za Visanamu kwa Mapambano ya Mashujaa

Kanuni nyepesi za vita vya visanamu (michezo ya mezani ya kupiganisha sanamu ndogo), zile zinazoenea katika ukurasa mmoja au miwili, kwa kawaida huandikwa kwa ajili ya askari wanaotembea kwenye ardhi tambarare. Kila askari husogea sentimita kadhaa, hulenga, hurusha dadu moja, na anayepatwa huondolewa mezani. Ukiwachukua mashujaa wenye nguvu za ajabu ukawapandisha juu ya mapaa na kuwachezesha kwa kanuni hizo hizo, utaona mchezo ukidorora mapema, kwa sababu kila mmoja atajibanza nyuma ya tangi la maji na kurusha dadu mpaka mwenzake atoke, na paa ulilolijenga kwa jasho litabaki kuwa pambo.

Wengi hujaribu kuuponya mchezo huo kwa kurundika nguvu za ajabu: huyu anatema moto, yule anasimamisha wakati, wa tatu hapitishi risasi. Mimi naona dawa iko kwingine. Katika pambano la juu ya paa silaha kubwa kuliko zote ni ukingo, na kanuni inayopaswa kubadilishwa kwanza ni ile ya kuua, ambayo inafaa igeuzwe kuwa kanuni ya kusukuma. Yote yatakayofuata hapa yanatokana na badiliko hilo moja.

Vifaa na vipimo

Kisanamu cha kawaida cha michezo hii kina urefu wa milimita 28 hivi kuanzia nyayo hadi machoni au utosini, kutegemea mtengenezaji. Ukichukulia kwamba kinawakilisha mtu wa mita 1.7, uwiano wake ni takriban moja kwa 60, na uwiano huo unarahisisha hesabu: ghorofa moja ya mita 3 huwa sentimita 5 mezani, na mita 6 za barabara huwa sentimita 10. Boksi la viatu lililolazwa, kwa hiyo, ni jengo la ghorofa mbili, na maboksi mawili yaliyopandanishwa ni ghorofa nne au zaidi kidogo. Yakate yawe na vimo vinavyogawanyika kwa 5 ili msibishane baadaye.

Asiye na visanamu vya kununua hakosi kitu. Chora mashujaa wako, au wachapishe kwenye karatasi nene ya manila katika moja ya maduka ya uchapaji ya Nasser Road, ukunje karatasi ili picha ionekane mbele na nyuma, kisha uibandike kwa gundi juu ya kizibo cha soda. Kizibo hicho kina upana wa karibu sentimita 3, ambao ndio upana unaofaa kwa kitako cha kisanamu, na uzito wake unatosha kuzuia feni isikiangushe. Dadu mbili za ludo zinatosha kwa mchezo mzima. Kuhesabia pumzi za mashujaa, yaani uhai wao mezani, azima mbegu za omweso: bao kamili lina mbegu 64, nazo zitawatosha wachezaji wote na kubaki.

Meza ya sentimita 60 kwa 60 ni kubwa ya kutosha. Nafasi ikizidi hapo, wachezaji hupoteza raundi mbili za mwanzo wakitafutana.

Kujenga mapaa yenye kazi

Kabla ya kukata boksi, yatazame mapaa yenyewe. Mnara wa Msikiti wa Taifa ulioko Old Kampala hufunguliwa kwa wageni, na kutoka juu yake katikati ya jiji huonekana jinsi mchezaji anavyoiona meza yake. Utakachogundua ni kwamba mapaa hayafanani hata kidogo. Kuna zege tambarare lenye ukuta mfupi wa ukingoni, na kuna mabati yaliyoinama yasiyo na ukuta wowote. Kuna matangi meusi ya maji, madishi ya setilaiti, kamba za nguo, vibanda vya ngazi vyenye mlango mmoja wa chuma, majenereta, mabango ya matangazo yanayotegemezwa kwa vyuma kwa nyuma, na juu ya majengo ambayo mwenyewe bado anatumaini kuongeza ghorofa, nondo zinachomoza kutoka kwenye nguzo.

Kila kimojawapo kipewe kazi moja tu katika kanuni, na kazi hiyo ihusiane na kusukumwa au kushika. Tangi la maji humsimamisha anayesukumwa. Nondo humsaidia anayening'inia. Kamba ya nguo humpunguzia mwendo anayeipita kwa sentimita 3, na anayeangukia juu yake kutoka jengo jirani huhesabiwa kuwa ameanguka ghorofa moja pungufu. Hali kadhalika paa la mabati la kibanda na miavuli ya wachuuzi iliyoko chini. Mlango wa kibanda cha ngazi ndiyo njia ya kurudi juu. Kitu usichokipatia kazi, kiondoe, hata kama umekipaka rangi vizuri.

Panga majengo manne hadi sita, yenye ghorofa mbili hadi tano, ukiacha kati yake mianya ya sentimita 4 hadi 10. Yasiwe na kimo kimoja. Kikuubo, ule uchochoro wa biashara ambamo wapagazi wenye mizigo kichwani hupishana kwa shida, ni mfano mzuri wa mwanya mwembamba, ilhali Old Taxi Park ni mfano wa shimo pana ambalo hakuna mwenye akili timamu atakayelirukia bila mabawa. Meza nzuri ina vyote viwili: mianya ya kushawishi na shimo moja la kuogopwa.

Nani anacheza lini

Kanuni nyepesi nyingi hutaka upande mmoja usogeze watu wake wote ndipo upande wa pili ufuate. Kwa vikosi viwili vilivyolingana mtindo huo haudhuru, lakini shujaa mmoja anayekabili wahuni sita atapigwa na wote sita kabla hajainua mkono. Weka badala yake vizibo ndani ya mfuko wa kitambaa. Shujaa aliye peke yake huwakilishwa na vizibo vitatu, mashujaa wakiwa kundi kila mmoja huwa na viwili, msaidizi ana kimoja, na wahuni watatu wanaokwenda pamoja wanashirikiana kimoja. Kizibo huchomolewa bila kuangaliwa, na mwenye kizibo hicho hucheza: anasogea na kutenda jambo moja, au anasogea mara mbili. Vizibo vikiisha, raundi imekwisha, na vyote hurudishwa mfukoni.

Faida ya mfuko huu haiishii kwenye usawa. Anayening'inia ukingoni hajui kama kizibo kitakachofuata ni chake au cha adui anayemkaribia, na hakuna kanuni nyingine katika mwongozo huu inayowafanya watu wasimame kutoka vitini mwao kama hiyo.

Mwendo wa kawaida ni sentimita 12. Kupanda ukutani au kwenye bomba hugharimu sentimita 10 kwa kila ghorofa.

Pigo na msukumo

Acha dadu moja, tumia mbili. Dadu moja hutoa kila namba kwa uwezekano ule ule, hivyo nyongeza ya 1 huwa na uzito sawa popote pale. Jumla ya dadu mbili hukusanyika katikati: 7 hupatikana kwa njia 6 kati ya 36, lakini 12 kwa njia moja tu. Hilo linakuwezesha kumfanya mhuni awe na nafasi ndogo dhidi ya shujaa bila kumnyima nafasi kabisa.

Mshambuliaji hurusha dadu mbili na kuongeza namba yake ya shambulio, ambayo ni 0 kwa mhuni na 2 au 3 kwa shujaa. Jumla ikifikia au kuzidi kinga ya adui, pigo limempata. Kinga ya mhuni ni 7 na ya shujaa ni 9. Kwa namba hizo, shujaa mwenye shambulio la 2 humpata mhuni kwa asilimia 83 na humpata shujaa mwenzake kwa asilimia 58, wakati mhuni humpata shujaa kwa asilimia 28. Nimependelea uwiano huo kwa sababu unamruhusu shujaa awe shujaa, ila haumruhusu awapuuze wahuni watatu walio karibu na ukingo.

Sasa ndipo badiliko lenyewe linapoingia. Pigo halipunguzi pumzi ya aliyepigwa, linamsukuma. Tafuta tofauti kati ya jumla ya mshambuliaji na kinga ya mshambuliwa, na ikiwa zimelingana hesabu tofauti kuwa 1. Kwa kila alama ya tofauti, mtu mwepesi husukumwa sentimita 3, wa kawaida 2, na mzito 1, katika mstari ulionyooka kutoka kwa aliyempiga. Akikutana na tangi, ukuta (si ule mfupi wa ukingoni) au mtu mwingine ilhali msukumo uliobaki ni sentimita 4 au zaidi, anasimama hapo na kupoteza pumzi moja. Tofauti ikifika 5, pigo lenyewe nalo humtoa pumzi moja, kwa kuwa kuna makofi yasiyohitaji ukuta. Shujaa ana pumzi 6, msaidizi 3, mhuni 1.

Tuchukue mfano. Shujaa mzito tunayemwita Kifaru, mwenye shambulio la 3, amemfikia mhuni aliyesimama sentimita 3 kutoka ukingo wenye ukuta mfupi. Anarusha 4 na 4, jumla 8, akiongeza 3 anapata 11. Kinga ya mhuni ni 7, tofauti ni 4, na kwa kuwa mhuni ni wa uzito wa kawaida anasukumwa sentimita 8. Sentimita 3 za kwanza zinamfikisha ukingoni, zinabaki 5. Ukuta mfupi hula sentimita 4 za msukumo wowote unaoupitia. Inabaki sentimita 1, na sentimita hiyo moja inamvusha. Kifaru angerusha alama moja pungufu, mhuni angeendelea kuwepo mezani akitetemeka.

Mara mtakapocheza hivi kwa nusu saa, mtaona watu wanaanza kusogea kwa namna tofauti. Hawaulizi tena ni wapi pa kujificha; wanauliza adui yao amesimama kati yao na nini.

Ukingo

Anayevushwa ukingoni hurusha dadu moja. Akipata 4 au zaidi, ameshika na ananing'inia. Penye nondo, bango au bomba, 3 inatosha. Anayening'inia hawezi kushambulia, na zamu yake yote inayofuata huitumia kujivuta juu. Adui aliye karibu naye anaweza kutumia tendo lake kumkanyaga vidole, na hapo mning'iniaji hurusha tena dadu ya kushika. Rafiki aliye karibu anaweza kutumia tendo lake kumvuta juu bila dadu yoyote. Hakikisheni kanuni hii ya mwisho haiachwi, maana ndiyo inayomfanya shujaa aache adui aliyekuwa anamkimbiza ili akamwokoe mwenzake, na hadithi za mashujaa zimejengwa juu ya uchaguzi wa aina hiyo.

Anayeshindwa kushika huanguka. Rusha dadu moja kwa kila ghorofa. Kila 4 au zaidi humpunguzia pumzi moja. Nishati ya kitu kinachoanguka huongezeka sambamba na urefu, ghorofa nne zikiwa na nishati mara mbili ya ghorofa mbili, hivyo dadu moja kwa kila ghorofa ni kanuni rahisi ambayo pia haikosani na fizikia. Mhuni aliyeanguka huondoka mchezoni. Kwa watoto, semeni ameangukia lundo la magunia ya mkaa na amejificha kwa aibu.

Kwa shujaa, adhabu kubwa ni muda kuliko pumzi. Akiwa barabarani lazima aingie jengo na kupanda kwa ngazi, ghorofa mbili kwa kila kizibo chake, hadi atokee kwenye mlango wa kibanda cha juu. Katika mchezo wa raundi sita, aliyeanguka kutoka jengo la ghorofa nne amepoteza angalau vizibo viwili akiwa ndani ya ngazi.

Kuna jambo moja la kufurahisha la kuongeza. Ikiwa msukumo uliobaki baada ya ukingo unatosha kuvuka mwanya wote, na paa la upande wa pili halizidi kimo, aliyesukumwa hutua huko na kupoteza pumzi moja badala ya kuanguka. Kifaru akimpiga mtu mwepesi sawasawa, anaweza kumrusha jengo hadi jengo.

Kuruka mianya

Rekodi ya dunia ya kuruka masafa marefu kwa wanaume ni mita 8.95, iliyowekwa na Mmarekani Mike Powell mjini Tokyo mwaka 1991. Kwa uwiano wetu hizo ni sentimita 15 kasoro kidogo. Huo ni mruko wa bingwa, kwenye njia iliyoandaliwa, akiwa na viatu maalumu na mchanga wa kutua. Kwa hiyo mtu wa kawaida anayekimbizwa juu ya mabati apewe mpaka wa sentimita 10, na hata hizo azitolee jasho.

Kanuni ni hii. Mwanya wa sentimita 4 au chini ya hapo hurukwa bila dadu, mradi mrukaji amekimbia sentimita 5 kwa mstari ulionyooka kabla yake. Mwanya wa 5 hadi 10 unahitaji dadu mbili ambazo jumla yake inafikia idadi ya sentimita za mwanya. Hakuna jedwali la kukariri: mwanya wa 6 huvukwa kwa asilimia 72, wa 7 kwa asilimia 58, wa 8 kwa asilimia 42, na wa 10 kwa asilimia 17. Anayeruka kwenda paa lililo chini huongeza 2 kwa kila ghorofa ya tofauti, kwa kuwa anakaa hewani muda mrefu zaidi. Kurukia paa lililo juu hakuruhusiwi bila nguvu ya ajabu. Aliyepungukiwa alama 1 au 2 amegusa ukingo wa pili kwa vidole, na hurusha dadu ya kushika; aliyepungukiwa zaidi huanguka moja kwa moja.

Vizuizi vya juu ya paa, kama mabomba na kuta fupi, hukata sentimita 3 za mwendo. Mpe mmoja wa mashujaa wako sifa ya kuvipita bure, na kama unataka jina la heshima kwa sifa hiyo, Uganda inalo: John Akii-Bua alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972 katika mita 400 kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82, ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya dunia.

Kuonana na kulengana

Mchezaji wa meza tambarare amezoea kuinama na kuchungulia kama kisanamu chake kinamwona adui. Juu ya mapaa, kuinama huko huzaa ubishi, basi tumia kanuni hii badala yake. Aliye ndani ya sentimita 3 za ukingo anaona chini na anaonekana kutoka chini. Aliye mbali zaidi na ukingo haonekani kutoka paa lililo chini yake wala hawezi kuliona. Walio katika mapaa ya kimo kimoja wanaonana isipokuwa pana kitu kikubwa katikati. Kwa njia hiyo mlengaji hana budi kusogea ukingoni ili alenge, yaani ajiweke palepale anapoweza kusukumwa.

Silaha za mbali zisizidi sentimita 20. Bastola halisi hufika mbali sana kuliko mita 12 ambazo kipimo hicho kinawakilisha, lakini hapa tunawalazimisha watu wakaribiane. Aliye nyuma ya ukuta mfupi au tangi huongeza 2 kwenye kinga yake. Risasi na mawe hayasukumi mtu. Yakimpata kwa tofauti iliyo chini ya 3, aliyepatwa anainama na hawezi kushambulia katika zamu yake inayofuata. Tofauti ikifika 3, anapoteza pumzi moja. Wahuni wanaolenga pamoja hurusha mara moja tu na kuongeza 1 kwa kila mwenzao, kwa hiyo watatu wakishirikiana wanaweza kumpata shujaa zaidi ya nusu ya nyakati ingawa ni nadra kumwumiza.

Nguvu za ajabu, chache

Kila shujaa apewe nguvu mbili tu, na kila nguvu ipimwe kwa swali moja: inabadilisha nini mtu anapokuwa ukingoni? Isipobadilisha kitu, haifai kwa meza hii.

Mwenye ngozi ya chuma huhesabiwa mzito, na kinga yake hupanda hadi 10, lakini akitua juu ya mabati kutoka juu hurusha dadu, na akipata 1 au 2 anayatoboa na kujikuta ghorofa ya chini. Mwenye kamba huvuta badala ya kusukuma, umbali wa sentimita 15, na anaweza kujiokoa anapoanguka kwa kurusha 2 au zaidi badala ya 4. Mwenye kasi husogea sentimita 24, na akigonga mtu mwishoni mwa mbio zilizonyooka huongeza 2 kwenye shambulio. Akikosa, hushindwa kusimama na huendelea mbele sentimita 4, hata kama mbele ni hewa tupu. Mwenye umeme hupiga eneo badala ya mtu: kila anayegusa karatasi lile lile la paa la mabati, rafiki na adui, hupata shambulio moja lenye nyongeza ya 0. Ukanda wa Ziwa Nalubaale (Viktoria) una ngurumo nyingi kiasi kwamba hakuna mchezaji wa Kampala au Entebbe atakayehitaji kuelezwa kwa nini nguvu hiyo inatisha.

Kuruka angani kunahitaji tahadhari, kwa kuwa mwenye mabawa huufuta ukingo, na ukingo ndio mchezo wetu. Usiwakataze watu nguvu hiyo, ila itoze bei. Mwenye kuruka husogea sentimita 18 kupita juu ya kitu chochote, kila ghorofa ya kupaa ikihesabiwa sentimita 5, lakini lazima atue mwishoni mwa zamu. Akitaka kubaki angani, hawezi kutenda jambo lolote, na akipigwa akiwa huko msukumo huongezwa maradufu. Onyesha kimo chake kwa kupandanisha vizibo chini ya kitako, kizibo kimoja kwa kila ghorofa.

Mvua, na kaloli

Kusini mwa Uganda mvua hunyesha zaidi kati ya Machi na Mei na tena kati ya Septemba na Novemba, kwa hiyo jiji lenyewe linakupa mchezo wa aina mbili. Mvua ikinyesha, ongeza sentimita 1 kwa kila alama ya msukumo unaotokea juu ya mabati, na dadu ya kushika ihitaji 5 badala ya 4. Inatosha.

Kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaokaa juu ya miti na majengo ya Kampala kama wazee wa baraza, hawawezi kukosekana. Ndege huyu hufikia mita 1.5 kwa kimo, yaani sentimita 2.5 mezani, karibu sawa na shujaa wako. Weka watatu au wanne juu ya mapaa wanapoanza. Pigo lolote likitokea ndani ya sentimita 8 ya kaloli, ndege huyo huruka hadi paa la jirani kwa mwelekeo wa upepo uliokubaliwa, na mpaka mwisho wa raundi hiyo hakuna awezaye kulenga kupita mahali alipokuwa. Mchezaji mjanja atampiga mtu ili kuwatimua ndege, na mjanja zaidi atasubiri mwingine afanye hivyo.

Sababu ya kupigana

Mapambano ya kuangamizana hayafai hapa. Weka kitu cha kubebwa: begi limeachwa juu ya jengo la kati, na upande utakaolifikisha kwenye mlango wa ngazi wa jengo la pembeni katika raundi sita umeshinda. Mbeba begi husogea sentimita 8, huruka mwanya kwa kupunguza 1, na akisukumwa kwa tofauti ya 3 au zaidi analiachia pale alipokuwa. Begi likianguka barabarani, bodaboda anaondoka nalo mwishoni mwa raundi inayofuata, asipowahiwa.

Mchezo mwingine unaofaa ni wa fundi aliyenasa nyuma ya bango la matangazo. Fundi ananing'inia tangu mwanzo, kila raundi anarusha dadu ya kushika kwa 2 au zaidi, na mashujaa wanapaswa kumfikia wakati wahuni wanakimbia na kitu chao upande wa pili. Hapa shujaa mmoja hatoshi kufanya yote mawili, na mfuko wa vizibo huamua nani atalaumiwa.

Wahuni wawe pia na kanuni ya kuvunjika moyo, ambayo huenda tayari imo katika kanuni zako za zamani. Kundi linaloona mwenzao akianguka kutoka paani hurusha dadu mbili. Likipata chini ya 7, linaelekea mlango wa ngazi ulio karibu katika zamu yake inayofuata.

Kurekebisha baada ya kucheza

Chezeni meza moja mara mbili mfululizo, mkibadilishana pande bila kusogeza jengo hata moja, ndipo mtajua kama tatizo liko kwenye kanuni au kwenye mpangilio wa mapaa. Mara nyingi liko kwenye mapaa. Ikiwa hakuna aliyeanguka, ondoeni baadhi ya kuta fupi au punguzeni upana wa mapaa hadi sentimita 15, ili asiwepo mtu aliye mbali na ukingo kwa zaidi ya sentimita 7 au 8. Ikiwa watu wanaanguka hovyo kabla ya raundi ya pili, ongezeni matangi kuliko kuongeza kinga. Ikiwa mlengaji mmoja ametawala meza, jengo lake ni refu mno kuliko mengine. Kata ghorofa moja. Shujaa akishinda kila mara, mwondoleeni kizibo kimoja mfukoni kabla ya kumgusa nguvu zake, na wahuni wakishinda kila mara, wagawanyeni katika majengo mawili tofauti mwanzoni ili wasiweze kulenga pamoja katika raundi ya kwanza. Badilisheni kitu kimoja kwa kila mchezo, na muandike kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ukurasa wa kanuni, kwa sababu meza ya mwezi ujao itakuwa na maboksi mengine.